Sidii za Pambo

Bi Sidii alipofika kwenye banda lao la maonyesho na kukuta kazi yake imetungwa kwenye waya kama shanga, damu ilimpanda kichwani.

Sidii thelathini! Kila moja ina programu huria ya kumsomea maandishi mtu asiyeona, kwa Kiswahili, bure. Yeye na wenzake waliihangaikia miaka minne. Sasa sidii zilikuwa zinagonganishwa na upepo tangu jana jioni, kwenye waya wenye kutu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alijibu Mwenyekiti wa chama chao cha watengeneza programu, huku akinyoosha tai. "Zinameremeta, si unaona? Mgeni rasmi anapita saa tano. Leo tunagawa flashi, mama. Dunia imesonga."

Kwenye kikao cha maandalizi Bi Sidii alikuwa amewaomba wenzake, jamani, tugawe vyote viwili, si kila mtu ana kompyuta ya juzi. Wakamcheka mpaka wakampachika hilo jina. Mashine ya kuchomea sidii wakaitupa na takataka, na pesa yote ikaishia kwenye flashi zenye programu ileile na nembo ya chama. Alinyamaza siku ile. Alijuta kunyamaza.

Hata hajaketi, akaingia mwalimu wa darasa la wasioona, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa safarini tangu jana.

"Dada, nimefuata ile sidii uliyoniahidi."

Mwenyekiti akamuwahi na flashi. Mwalimu akaigeuzageuza kiganjani.

"Hii nitaichomeka wapi, kaka? Mwalimu mkuu alichoshwa na virusi, akaziba matundu yote ya flashi kwa gundi. Mtandao hatuna. Na wanangu kumi na mmoja wana mtihani mwezi ujao. Mwaka jana tulikosa mtu wa kuwasomea maswali, wakakaa kimya mbele ya karatasi mpaka muda ukaisha."

"Basi badilisheni kompyuta," alisema Mwenyekiti.

Ama kweli ulimi hauna mfupa! Bi Sidii alichukua koleo, akakata waya, sidii zikamwangukia miguuni.

"Wewe! Unabomoa banda!"

"Nabomoa pambo. Kaa mbali nami."

Akaziokota, akaketi, akafungua laptopu yake kuukuu, ya kusoma sidii tu, si ya kuchomea, akaanza kujaribu moja moja. Ya kwanza ilikwama. Ya pili imechubuka. Ya tano, ya kumi, ya ishirini, zote zimekwaruzwa na ule waya. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa midomo tu. Bi Sidii alikuwa anafuta kila moja kwa upindo wa gauni, machozi ya hasira yanamlengalenga, na Mwenyekiti anatazama saa.

Ya ishirini na saba ilizunguka, ikakohoa, kisha sauti ikatoka: "Karibu. Bonyeza kitufe chochote." Mwalimu alijishika kifua. Tatu zilizobaki zilikuwa zimepasuka, wala hazikuhitaji kujaribiwa.

"Moja inatosha, dada. Nitaipitisha kwenye kompyuta zote."

Papo hapo mgeni rasmi akaingia na kamera zake. Mwenyekiti, mwepesi huyo, akabonyeza laptopu, akaichomoa ile sidii na kumkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, zawadi ndogo ya chama chetu. Programu ya kuwasaidia wasioona."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu aliinamisha kichwa, akaanza kufunga mkoba wake.

Bi Sidii akasimama. Alinyanyua flashi moja yenye nembo, akamwendea mgeni rasmi mbele ya kamera zote, akaitoa ile sidii mkononi mwake na kumwekea flashi.

"Samahani, mheshimiwa, hiyo ina mwenyewe," alisema. "Chukua hii. Wewe una pa kuichomeka."