Fimbo ya Kumchapia Kidoti

Nisiwadanganye, mimi mchezo wa lakrosi sikuufuata kwa ajili ya afya. Niliufuata ili nipate kumpiga Kidoti kwa fimbo mbele za watu na nisipelekwe polisi.

Kidoti ni yule mwenye doa jeusi juu ya mdomo, na kwa miaka tisa alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa wote chumba cha kufulia cha hospitali, mimi nikiongoza zamu ya pasi kubwa za mvuke, yeye akinipangia mashuka. Kazini wananiita Mvuke, na si kwa sababu ya pasi peke yake.

Sasa, pasi namba mbili ilikatika kinga. Kinga ni kile chuma cha mbele kinachozuia vidole visifuate shuka ndani. Nilimwambia msimamizi wetu mara tatu, kwa mdomo, Kidoti akiwa ubavuni kwangu. Mara ya tatu tulimfuata hadi ofisini kwake na nikampigia kelele. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamemtoa mwenzetu Mama Pacha kwenye meza ya kukunja nguo, wakamleta pasi hiyo namba mbili kuziba nafasi ya mwenzetu aliyeugua. Mimi nikiwa huko juu nagombana, pasi ikamshika mkono. Vidole viwili vikaenda.

Msimamizi akaandika kwamba hakuna aliyewahi kumwarifu. Kamati ya kwanza ya uchunguzi ikamwita Kidoti, na Kidoti akaangalia viatu vyake akasema, "Sikusikia." Hakusikia! Masikio anayo mawili, na yote yana hereni nilizomnunulia mimi! Nikavuliwa uongozi wa zamu, nikatupwa kule yanakopokelewa mashuka ya damu na mikojo, ningoje kamati kubwa. Ikinikuta na kosa nafukuzwa, na kwenye barua yangu inaandikwa "uzembe". Nani ataniajiri tena na barua hiyo? Mama Pacha mwenyewe nilimfuata wodini na matunda, akageuzia uso ukutani.

"Hasira hasara, mwanangu," Mama Mdogo aliniambia.

"Hasara nimeshaipata, Mama Mdogo. Niachie basi hasira yangu."

Ndipo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mrefu asiye na utani, akaanzisha timu ya lakrosi ya wanawake kwenye uwanja ulio nyuma ya jengo letu. Fimbo alipewa na shule moja iliyovunja timu yake. Kidoti akajiandikisha wa kwanza. Mimi nikautazama huo mchezo kwenye simu ya binti yangu, nikaona wanaume wenye kofia ngumu wanatwangana, mmoja anaangushwa chali, na refa anatazama tu. Nikasema, eh, hapo hapo! Mchezo wangu huo.

Siku ya kwanza huyo mtaalamu, tuliyemwita Kocha, alinipa fimbo yenye kijikapu cha nyavu kichwani, miwani ya waya na kinga ya meno. Nikauliza kofia ziko wapi.

"Kofia za nini?"

"Za kichwa. Tukianza kupigana."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika magoti. Kocha hakucheka. "Huo uliouona ni wa wanaume. Sisi hatumgusi mtu mwili. Fimbo yako haikaribii kichwa cha mwenzako hata kidogo. Unaruhusiwa kuigonga fimbo yake mpira utoke, basi. Na hilo lenyewe nitakufundisha mwezi ujao, ukishajua kudaka."

Mwezi ujao! Kamati ilikuwa inakaa baada ya wiki tano. Nilitaka kuitupa ile fimbo nirudi nyumbani, lakini Kidoti alikuwa ananiangalia, na mimi siwezi kumkimbia Kidoti.

Basi nikaanza kujifunza, kwa chuki. Mpira wa lakrosi ni wa raba, mdogo na mgumu. Unakuja, mimi nauchapa, unaruka mpaka kwenye kamba za kuanikia. "Usiupige, upokee!" Kocha akawa ananiambia. "Ukifika, rudisha fimbo nyuma pamoja nao, kama umerushiwa yai." Mpira ukiwa chini, unakunja magoti, unashusha mkono wa nyuma mpaka karibu na nyasi, unauzoa huku unapita. Mimi nilisimama kuuchota. Fimbo ikachimba udongo na mkia wake ukanichoma tumboni, nikatoa neno ambalo lilinigharimu mizunguko miwili ya uwanja.

Kubembeza ndiko kuliniua kabisa. Kijikapu cha wanawake hakina kina, mpira haukai humo wenyewe, lazima ukimbie huku unaubembeza kwa viganja, huku na huku, bila kuacha. Nimelea watoto watatu, sikumwangusha hata mmoja, lakini ule mpira uliniponyoka mara arobaini kwa siku. Kila zamu ikiisha nikabaki nyuma naupiga kwenye ukuta wa kufulia, mara mia kwa mkono wa kulia, mara mia kwa wa kushoto. Kila tofali la ukuta ule lilikuwa na doa juu ya mdomo.

Na mkono ukakubali, shetani huyu. Wiki ya tatu nadaka pande zote mbili. Kocha akanitazama, akasema, "Wewe beki." Kisha akaonyesha kwa kidole: "Pamoja na Kidoti."

Mungu wangu.

"Beki hachezi kwa fimbo kwanza, anacheza kwa mdomo," Kocha alitueleza. "Unayemkaba mwenye mpira, sema 'Mpira wangu!' Uliye pembeni, sema 'Msaada kushoto!' Ukimwona mtu anamjia mwenzako kwa nyuma, mwambie. Mwenzako hana macho kisogoni."

Mimi kupiga kelele sifundishwi. Kidoti je? Kimya. Washambuliaji wanapita nyuma yangu, yeye anawaona, mdomo ameufunga kama duka siku ya msiba. Bao. Bao tena.

"Ulimwona yule?" Kocha akamuuliza.

"Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

Kidoti akaangalia viatu vyake. Vile vile! Damu ilinipanda mpaka nikaona giza. "Muulize vizuri, Kocha," nikasema. "Huyu haoni wala hasikii mpaka ajue kwanza bosi anataka nini." Nikapewa mizunguko mitano, nikaikimbia yote natukana kimoyomoyo.

Kulikuwa na sheria moja iliyonitesa kuliko zote. Kocha alitufundisha kwa mtindo wa zamani: filimbi ikilia, kila mtu anasimama palepale alipo, hata unyayo hausogei, mpaka ilie tena. Wiki ya kwanza mimi nilikuwa nasimama hatua tano mbele, na kila hatua adhabu yake ni mzunguko mmoja wa uwanja.

Jumatano, siku mbili kabla ya kamati, tulicheza mechi ya mazoezi. Namkaba muuguzi mmoja mwenye mbio, fimbo juu, nasema "Mpira wangu!" kama nilivyofundishwa. Mpishi wa hospitali, mwanamke kifua kipana, anakuja kasi nyuma yangu. Kidoti yuko hatua tatu, anamwona. Hakusema kitu. Tukagongana, nikaenda chini kwa uso, mdomo ukapasuka.

Nikainuka na fimbo yangu. Mpira ulikuwa unabingirika mbali huko, na niseme kweli, sikuwa na haja nao. Kidoti alikuwa amenipa mgongo. Nikainua fimbo kwa mikono miwili.

Filimbi ikalia.

Nikasimama. Hata mimi nilishangaa. Mizunguko yote ile ilikuwa imeingia miguuni, ikakataa kusogea. Kidoti akageuza shingo, akaiona fimbo juu yake, naye akabaki palepale.

"Mvuke, shusha," Kocha alisema. Nikashusha. "Hakuna kusogea, mtu yeyote."

Sawa. Miguu imekatazwa, mdomo haukukatazwa. "Kidoti," nikasema, damu inanichuruzika kidevuni. "Nilimwambia yule mtu mara tatu. Ulisikia, hukusikia?"

Uwanja mzima umesimama: wauguzi, wapishi, wenzetu wa kufulia. Kocha ana filimbi mkononi, haipulizi.

"Mkataba wangu ulikuwa unaisha," Kidoti alisema.

"Sikukuuliza mkataba!"

"Nilisikia."

"Sema watu wasikie!"

"Nilisikia!" akapiga kelele, na machozi juu. "Mara zote tatu! Ya tatu uligonga meza mpaka chai ikamwagikia mafaili! Nilisikia, Mvuke, nilisikia, na hao wa kamati nitawaambia!"

Na Ijumaa aliwaambia, sitamnyima haki yake. Alisema yote, na mpishi na wauguzi wawili walikuwa wamejipanga mlangoni endapo atameza maneno. Msimamizi akasimamishwa kazi. Mimi nikarudishiwa zamu yangu na jina langu. Nikatoka mle ndani nimeinua kichwa, na hasira yangu bado nzima, maana kusafishwa si sawa na kutokuchafuliwa.

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la ukumbini, naye alikuwa ameitwa. Nikamwendea kifua mbele. Nilitaka anitake radhi kwa ile siku ya wodini, sitaficha.

"Wamekusafisha," alisema.

"Ukweli haufichiki, dada yangu. Nilimwambia mara tatu."

"Nimesikia. Mara tatu." Aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji. "Asubuhi ile nilipoletwa pasi nilikukuta pale. Ulinivalisha aproni wewe mwenyewe. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia afanye haraka, mashuka ya chumba cha upasuaji yanangojwa. Kisha nikamvuta Kidoti tukapanda ofisini, nimejaa moto, nakwenda kumtetea kila mtu.

"Bosi ulimwambia mara tatu," Mama Pacha alisema, wala hakupandisha sauti. "Mimi mwenye mkono, uliniambia mara ngapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa ukali, kwa mazoea tu. Nikatafuta wa kumkasirikia, msimamizi, Kidoti, kamati, na wote walikuwa wameshaondoka.

"Sikukuambia, Mama Pacha," nikasema. "Hata mara moja."