Mlango wa Jikoni kwa Doris

Doris alikuwa akisonga ugali nyumbani kwake Getanuwas, kompyuta ikiwa wazi juu ya gunia la mahindi. Alikuwa akitengeneza mfumo wa mtandaoni wa mnada wa mifugo wa Katesh. Mfumo ulikuwa na ukurasa mmoja tu. Mtu akibonyeza pa ng'ombe au pa mbuzi, haendi popote. Ukurasa unaangalia hali yake, kama ni mgeni au muuzaji aliyesajiliwa, kisha unajigeuza kufuata hali hiyo. Mgeni akilazimisha kuingia kwa wauzaji anarudishwa mwanzo, hata abonyeze mpaka kidole kiote sugu.

Mumewe, Yonas, aliingia kutoka machungani, akaiona kompyuta, akauliza anaandikiana na nani. Kabla hajajibiwa alimpiga kwa fimbo ya kuchungia. Pigo la kwanza lilitua begani, la pili mdomoni, jino likadondokea kwenye ugali. Doris akakimbilia mlango. Akaufungua, akavuka kizingiti, akajikuta jikoni. Akafungua tena. Jikoni. Akapita dirishani, akaangukia kando ya mafiga.

"Nenda basi kwenu Hirbadaw," Yonas alisema akicheka. "Mlango si huo? Au unangoja usindikizwe?"

Mkono wake ulipochoka alikaa akala. Jino alilitoa kinywani akaliweka pembeni ya sahani, kama mtu aliyekuta kijiwe kwenye wali.

Mama yake Yonas, Justina, alikuja na maji ya moto yenye chumvi. Yeye aliingia kwa mlango uleule bila tabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete mdomo."

"Mlango umeanza kufuata hali, mama. Hali yangu ni mke wa Yonas, basi unanirudisha kwa Yonas."

"Wangu ulikuwa hivyo hivyo tangu nilipoolewa," Justina alisema, akikamua kitambaa taratibu ili maji yasimchome. "Sema sisi hatukuwa na kompyuta ya kutueleza."

Kesho yake jicho la Doris lilikuwa limevimba likafumba, na mlango, ukimsoma kama mgonjwa, ukafungukia zahanati. Muuguzi Philomena alisogeza benchi ampishe.

"Karibu, ila funga huo mlango, moshi wa jikoni kwako unanijazia chumba." Akamtazama usoni. "Umepatwa na nini?"

"Nimeanguka."

Philomena hakubishana. Alimsafisha, akampa chai yake mwenyewe aliyokuwa hajainywa. Lakini aliyeanguka akishatibiwa hurudi nyumbani, na Doris alipofungua mlango wa zahanati alitokea jikoni. Yonas alikuwa amekwishavua mkanda.

Ndipo Doris akaelewa kosa lake la kusema ameanguka. Siku Yonas alipomvunja mkono kwa kigoda, hakuhangaika na kitasa kwanza. Alisimama, mfupa ukiwa umesukuma ngozi, akasema kwa sauti, "Nimepigwa na mume wangu. Nataka kwenda kwa mama yangu." Kisha akafungua.

Mlango ulifungukia kwenye kikao cha wanawake wa kijiji, ambacho mwanamume hakanyagi, na hukumu yake hata Yonas aliiogopa. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, fimbo zao mapajani.

"Kaa hapa, binti," alisema Gaudensia, aliyekuwa akiongoza. "Umechelewa."

Walimsikiliza hadi mwisho. Mmoja aliushika ule mkono uliovunjika muda wote, asiuache utikisike. Wakaamua Yonas atoe dume jeusi la ng'ombe, la sivyo watamlaani.

"Sasa naweza kwenda kwetu?" Doris aliuliza.

"Subiri dume lije."

Dume lililetwa, likanyongwa, likaliwa. Doris alinyunyiziwa pombe ya asali, akabarikiwa apate watoto na ng'ombe. Kwa desturi yao, dume likishaliwa shauri limekufa. Atakayelitaja tena atajiletea laana yeye mwenyewe.

"Yamekwisha, mwanangu," walisema kwa furaha ya kweli, wote kwa pamoja. Gaudensia akamfungia kipande cha nyama kilichonona. "Mpelekee mama yako."

Doris alikibeba kwa mkono mzima. Kwa kuwa alijua kazi yake, alijua pia hali yake sasa inasomeka vipi. Alisukuma mlango uleule hata hivyo.

Jikoni. Yonas alikuwa akimalizia kumenya maganda ya fimbo mbichi.

"Shauri limekwisha, au bado?"

"Limekwisha," Doris alijibu.

"Hiyo nyama ni ya nani?"

"Ya mama."

Yonas aliichukua, akaitundika juu paka wasiifikie. Akavua koti. Mlango ulikuwa umebaki wazi nyuma ya Doris, na majirani walikuwa wakipita na ndoo zao, lakini Yonas hakujisumbua kuufunga.