Mafundo Mawili ya Mjomba

Mjomba, ambaye pia ndiye kocha wake, alipiga goti sakafuni mwa chumba cha kubadilishia nguo, akamfunga Cheche kamba za viatu. Mafundo mawili kila mguu, kama alivyomfunga tangu mashindano ya shule. Nje uwanja ulikuwa umefurika. Ilikuwa fainali ya mita mia nane, na mshindi angeenda mashindano ya dunia. Cheche alizitaka mbio hizo kuliko kitu chochote.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mwenyekiti wa chama cha riadha, suti imemkaa sawasawa, na nyuma yake daktari Mzungu kutoka shirikisho la dunia.

"Binti yangu," Mwenyekiti akaanza. Ukisikia mkubwa wa namna hii anakuita binti yangu, jua yamekufika. "Majibu yametoka. Homoni zako za kiume zimezidi kiwango cha mwanamke. Leo hukimbii."

"Majibu gani tena? Mimi nilipimwa malaria!"

Daktari akatazama ukuta. Hapo Cheche akaelewa. Mjomba ndiye aliyempeleka hospitali, akamwambia wanariadha wote wanapimwa malaria. Huko alivuliwa nguo zote mbele ya wanaume watatu, wakamkagua kama ng'ombe wa mnadani. Alipotoka, benchi la kusubiri lilikuwa tupu, hakuna mwanariadha mwingine.

"Na wale Wazungu niliowashinda, nao walivuliwa?"

"Wale nani awatilie shaka?" Mwenyekiti akacheka kidogo. "Wewe, sauti hiyo, kifua hicho... Sikiliza. Tumeahidiwa kuandaa mashindano ya dunia yatakayofuata hapa kwetu. Waheshimiwa wanayasubiri. Usituharibie."

Cheche akamgeukia mjomba, ambaye bado alikuwa chini.

"Ulijua?"

"Wameniahidi kuifundisha timu ya taifa, mwanangu."

"Ulijua, na bado umenifunga viatu?"

"Nimezoea tu," akasema.

"Mama yako alikimbia nje ya ua wa uwanja huu huu! Ndani walikimbia wake wa wakoloni, yeye mweusi akafukuzwa, akawashinda akiwa upande wa pili wa waya. Umenisimulia mwenyewe, machozi yanakutoka. Leo unanitoa nje wewe? Wewe, mjomba?"

Mwenyekiti akakohoa, akamwonyesha mjomba saa. Ndipo mjomba akanong'ona, "Mwenzio anayeshika nafasi yako kiatu chake kimepasuka. Miguu yenu ni sawa."

Cheche alidhani hakusikia vizuri. Lakini vidole vya mjomba vilikuwa tayari kwenye kamba, na mafundo yake mwenyewe yakamshinda. Akainama, akayafungua kwa meno.

Mlinzi alimtoa kwa lango la nyuma. Alikuwa mpole, akamwita dada, kisha akasita kama mtu aliyekosea, asijue amwite nani. Juu ya lango picha ya Cheche ilikuwa bado imetundikwa, anacheka, ikiwaita watu wanunue tiketi.

Alisimama nje ya ua, pekupeku. Ndani bastola ya mbio ikalia, na umati ukapiga yowe. Mguu wake wa kulia ukaruka mbele wenyewe, ukatua juu ya kokoto.