Gari Namba Tatu Halina Mtu

Mashine yetu ilikuwa na kasoro moja tu: haikuwa na mkwe.

Ililetwa na citoyen Kalaba, yaani "mwananchi", kama tulivyoitana enzi zile, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu, Kasapa, ikawekwa ofisini kwetu, centrale ya teksi, kubwa kama kabati mbili. Ukitaka gari, ulipiga simu kutoka duka la jirani, ukasema uko wapi na unakwenda wapi, nami nikabonyeza vitufe. Magari yetu madogo matatu yalikuwa na fonie, redio ya kuitana, na kwenye njia panda vilifungwa visanduku vya kuiarifu mashine kila gari limefika wapi. Mashine ilichagua gari la karibu na njia fupi, mimi nikayasoma hayo kwenye fonie. Kuchagua hakukuwa kazi yangu tena. Citoyen Kalaba alinikumbusha hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nilinuna.

Dereva wa gari namba tatu aliitwa Chileshe, Mubemba. Alikuwa amemuoa Léonie, binti wa Mama Ngalula, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kasai. Siku za posa wazee wa pande mbili walibishana kuhusu kila kitu, hata chumvi ya mboga. Walikubaliana jambo moja tu: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawaketi pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona.

Mimba ya kwanza ya Léonie iliharibika nyumbani, wakisubiri gari. Mama Ngalula akamtumia Chileshe maneno kupitia watu: mwanaume gani anakosa gari siku kama ile? Ndipo Chileshe akaja kwetu kuomba kazi. Mimba ya pili ilipokua, Léonie alirudi kwa mama yake, mtaa wa Makomeno, kujifungulia huko.

Adhuhuri moja simu ikalia. Alikuwa Mama Ngalula, dukani kwa jirani. Uchungu umemshika Léonie, apelekwe maternité, hospitali ya wazazi. Nikabonyeza vitufe. Mashine ikasema: gari namba tatu.

Muda si muda simu ikalia tena.

"Centrale! Gari imefika, lakini iko mukwe wangu ku volant, ni yeye anaendesha. Siwezi kupanda. Mutume ingine."

"Mama, moja iko ku garage, ingine iko mbali, ku Kasapa. Léonie aende na bwana yake."

"Peke yake? Nani atamushika mutoto akitokea mu njia? Na yeye anakatala kwenda bila miye."

Nilimgeukia citoyen Kalaba. Akasema mashine inatazama barabara, haitazami ukoo. Nilitamani kumtupia kiti. Nikabonyeza vitufe upya. Ikajibu gari namba tatu. Kwenye simu nilimsikia Léonie akilia kwa mbali. Ya mimba ya kwanza yalikuwa yanarudi, na lisilobudi hutendwa.

"Mama," nikasema, "ile gari iko automatique. Inaongozwa na machine. Hakuna muntu ndani."

"Hakuna muntu?"

"Hakuna."

"Minaona kofia."

"Kofia ni ya machine."

Alifikiri kidogo. "Bon," akasema, akakata simu.

Nikamwita Chileshe kwenye fonie: "Gari namba tatu, wewe ni mashine. Usigeuke, usiseme neno." Alibonyeza kitufe ili ajibu, akakumbuka kwamba yeye ni mashine, akanyamaza. Kitufe hakukiachia; nadhani aliogopa hata kusogeza kidole. Kwa hiyo nilisikia kila kitu: mlango, Léonie akiguna, kisha sauti ya Mama Ngalula, taratibu, ya mtu anayezungumza mahali pasipo na mtu.

"Ile mimba ya kwanza, nilisemaka ni makosa ya bwana yako. Haikukuwa makosa yake. Niliona vile alikimbia mu mvua kutafuta gari, viatu mu mukono. Niliona, na nikasema mubaya tu. Nilikuwa na uchungu."

Injini ikanguruma, Léonie akaguna tena. Citoyen Kalaba alikuwa ameondoa miwani yake. Mimi nililia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha.

Kisha: "Machine, mu mashimo uende polepole, mutoto wangu."

Mashine ikaenda polepole.

Alasiri simu ikalia, mara hii Mama Ngalula akipiga kutoka kwa wauguzi wa maternité.

"Centrale? Ni mwanaume. Mama na mutoto beko bazuri."

"Mungu asifiwe, Mama."

"Ile machine ingali hapa inje, mu lupango ya maternité, inatembea-tembea sawa kichaa. Uiambie iingie, imuone mutoto. Miye nitaangalia ukuta."

Nikachukua fonie. "Gari namba tatu, ingia ndani."

Chileshe alirudi mbio garini, akabonyeza kitufe, na mara hii akajibu.

"Ni machine imesema?"

"Ndiyo," nikasema. "Mashine imechagua."