Magurudumu ya Mbele

Gari la zahanati lilizama kwa nyuma mpaka bomba la moshi likaanza kutoa mapovu kwenye tope. Dereva, mwanamke ambaye wenzake kazini walimwita Komando, alivuta ile gia fupi ya magurudumu manne. Taa ya kijani ikawaka. Akakanyaga mafuta taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Gari likanguruma, likatikisika, likazidi kukaa.

"Vipi?" aliuliza nesi kutoka nyuma. Alikuwa amepiga magoti kando ya mjamzito. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, mkono umetangulia. Bila upasuaji hatoki, na upasuaji ulikuwa hospitali kubwa, ng'ambo ya bonde.

"Litatoka. Kaka kalikagua mwenyewe."

Kaka yake ndiye aliyekuwa mkuu wa gereji ya zahanati. Ndiye aliyemfundisha udereva, ndiye aliyempigania apate kazi wakati mafundi walipocheka kwamba mwanamke gani huyo wa kupambana na matope. Akisema gari zima, Komando hakuwa na haja ya kuinama.

"Nesi, chungulia dirishani. Nikikanyaga, niambie tairi za mbele zinafanyaje."

Alikanyaga.

"Zimetulia tuli, dada. Za nyuma tu ndizo zinarusha tope."

Komando akashuka, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Maji ya baridi yalimwingia kwenye kola. Alipapasa mahali pa shafti ya mbele, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Mkono ukapita patupu. Pale ilipofungwa kwa bolti, mtu alikuwa amepaka grisi safi, akafunika kwa kitambaa na kukaza kwa waya. Waya ulikuwa umesokotwa kwa kushoto. Gereji nzima, mwenye mkono wa kushoto alikuwa kaka yake peke yake.

Alibaki amelala pale. Juu yake, kupitia sakafu ya gari, alimsikia mjamzito akimwita mama yake.

Kisha akatoka, akaanza kazi. Alipunguza upepo matairi yote. Akaweka jeki juu ya ubao ili isizame, akainua upande mmoja, akashindilia mawe chini ya tairi, akahamia upande wa pili. Wakulima waliokuwa shambani walikuja na majembe, wakachimba tope, wakakata matawi. Mama wa mjamzito, bibi mwembamba asiye na viatu aliyekuwa akimsindikiza mwanawe, alivua shuka lake na kulitandika juu ya matawi.

"Nikipiga honi, sukumeni!"

Walisukuma, likarudi. Wakasukuma tena, jeki ikateleza, wakaanza upya. Jua lilikuwa limepita utosini gari lilipojikwamua na kupanda sehemu kavu. Wakulima walishangilia. Bibi alikuja dirishani, uso wote matope, anacheka.

"Ahsante, mwanangu! Twende, twende!"

Nyuma ya Komando, nesi aligonga kiti kwa kidole kimoja.

"Dereva," alinong'ona. "Endesha polepole sasa. Wametutoka, wote wawili."

Komando alimkuta kaka yake gereji ananawa mikono.

"Shafti iko wapi, kaka?"

"Ya gari la mkurugenzi wetu ilivunjika. Ana safari za shambani kwake. Tukasema tumuazime tu, mpya ikija turudishe."

"Uliniambia gari zima."

"Ningekwambia, ungekataa kuliendesha."

"Ningekataa ndiyo!"

"Halafu mimi ningefukuzwa." Alijifuta mikono, kidole baada ya kidole. "Punguza sauti, mdogo wangu. Wanao wanalala nyumba ya nani?"

Kamati ya uchunguzi ilikaa chini ya feni, mkurugenzi mwenyewe akiwa mwenyekiti. Nesi aliulizwa kama alishuka kutazama chini ya gari. Akasema hakushuka. Hakuulizwa kitu kingine.

"Mkuu wa gereji, gari lilikuwa na hitilafu?"

"Hapana, mheshimiwa. Tatizo ni matumizi." Kaka yake alikuwa akiitazama meza. "Dada yangu ana moyo wa kazi. Ila kwenye matope anababaika, gia zinamchanganya."

Gari lilikuwa limeegeshwa nje, chini ya dirisha la chumba hicho.

"Naomba tutoke," Komando alisema. "Mtu mmoja tu ainame atazame."

"Mama, kamati haina kazi ya kulala chini ya magari," mkurugenzi alijibu, na wajumbe wakacheka. Kaka yake naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo.

Siku aliyokwenda kuchukua buti zake, mvua ilikuwa imerudi. Dereva mpya alikuwa ameshawasha gari; nyuma, mwanamke mwenye tumbo kubwa alisaidiwa kupanda. Komando alikimbilia getini. Mlinzi akamkinga kwa mkono.

"Nisamehe, dada. Wameniambia usiingie."

"Basi mzuie yeye asitoke! Magurudumu ya mbele hayavuti!"

Mlinzi alimgeukia mkuu wa gereji, aliyekuwa amesimama pale na mwavuli. Kaka yake alivuta komeo, akalifungua geti lote.

Gari likapita. Komando alikimbia pembeni yake akipunga mikono yote miwili, akipiga kelele ambazo mvua ilizimeza. Kwenye kioo cha nyuma, yule mjamzito alimwona. Akatabasamu, akainua mkono, akampungia kwaheri.