Ngoma Iliponyamaza Robo ya Nne

Jumapili iliyopita, mchana kweupe, akiwa amejilaza kwenye kochi la mteja ambalo alikuwa bado hajaliwamba kitambaa, Kasiani Kunambi aliota amerudi uwanjani.

Kasiani ni fundi makochi wa Morogoro, mtu wa miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga ngoma wa Radi, timu ya mpira wa kikapu ya hapo mjini, inayocheza ligi ya kulipwa. Wachezaji walikuja na kuondoka, makocha walifukuzwa, fulana zilibadilishwa rangi mara tatu. Kasiani alibaki palepale, safu ya tatu nyuma ya kikapu cha upande wa mlimani, na ngoma yake kati ya magoti. Mechi ya nyumbani aliyoikosa ilikuwa moja tu, siku aliyong'olewa jino. Radi walifungwa siku hiyo, na wenzake jukwaani hawakuacha kumkumbusha.

Siku ya fainali, wiki tisa kabla ya ndoto hii, dada yake alikuwa amelazwa hospitali iliyo nyuma ya ukuta wa uwanja. Leokadia ndiye aliyemlea Kasiani tangu mama yao alipofariki. Kasiani alimwahidi kumpelekea uji saa saba, kabla mechi haijaanza. Akaukoroga mwenyewe, akautia kwenye chupa ya chai, akatoka nyumbani na chupa mkono mmoja na ngoma mkono mwingine. Njiani alisikia watu wameshaanza kuimba. Akajiambia atapita baada ya mechi.

Radi walitwaa ubingwa kwa pointi moja. Kasiani alipoitoa simu kwenye mfuko wa ngoma alikuta dada yake amempigia mara tatu. Alipopiga yeye, alipokea Editruda, binti wa dada yake, akamwambia mama amefariki. Uji ulikuwa bado wa moto.

Tangu siku hiyo hakukanyaga uwanjani. Watu walimwambia ni kazi ya Mungu, naye aliitikia. Editruda alimwambia mama hakuwa na hamu ya kula siku ile, kwa hiyo habari ya uji asijisumbue nayo. Aliitikia hilo pia. Kitu ambacho hakuwahi kumuuliza mtu ni kwa nini dada yake alipiga simu mara tatu.

Basi, katika ndoto, amefika kwenye geti la uwanja na mlinzi ni ngoma yake. Imevaa fulana ya njano ya ulinzi na imeshika kitabu cha wageni.

"Umechelewa siku sitini na tatu," ngoma inasema.

Kasiani anaeleza kwamba alifiwa.

"Na mimi pia," ngoma inasema, na kumpa kalamu asaini.

Ndani, jukwaa limejaa lakini hakuna anayepiga kelele. Kwenye ubao, mahali pa ringi, kimetundikwa kikapu halisi cha ukili, cha kwendea sokoni, chenye mikono miwili. Ndani yake yanachungulia majani ya vitunguu. Kasiani anaona ni sawa. Mchezo unaitwa mpira wa kikapu, na yeye hajui kwa nini miaka yote hiyo walikuwa wakitumia chuma na wavu.

Mwamuzi ni mkasi wake wa kukatia kitambaa, mrefu kama mtu, amesimama kwa ncha zake mbili akiwa na filimbi shingoni. Anamkabidhi Kasiani chupa ya uji na kumwambia aanze.

Kasiani anapiga hatua mbili. Ya tatu, filimbi inalia.

"Unatembea nayo," Mkasi anasema. "Dunda."

"Ni uji."

"Kanuni haisemi ni nini. Inasema usitembee nacho mkononi."

Anaidunda chupa sakafuni. Inaruka vizuri na kurudi mkononi bila kumwaga hata tone, ila kila ikigusa sakafu inataja saa kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Saa saba kamili. Saa saba na dakika kumi. Anaomba inyamaze. Chupa inamjibu kwamba asipodunda itanyamaza, lakini hapo atakuwa anatembea nayo, na uamuzi ni wake.

Anadunda. Saa nane kasoro robo.

Mkasi anamkumbusha kwamba ana sekunde ishirini na nne kufikisha uji unakokwenda. Sekunde zenyewe zimekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba: ni akina mama ishirini na wanne wa jumuiya, walewale waliokesha msibani, wamejifunga vitenge vya sare. Mmoja anainuka, anamwambia pole, anaondoka. Wa pili anainuka, pole, anaondoka. Hawana haraka, lakini hawasimami.

Kasiani anakimbia. Uwanja unarefuka. Mistari ya sakafuni ni ileile, lakini ukutani kuna rangi ya kijani hadi kiunoni na kuna harufu ya dawa ya kusafishia, na watazamaji sasa wamelala kwenye vitanda pande zote mbili wakimwangalia. Mzee mmoja mwenye dripu anamwambia apasie kulia. Kulia hakuna mtu.

Mwisho wa korido amesimama muuguzi, mrefu kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kupita Morogoro, mikono ameinyoosha pembeni, magoti ameyakunja kidogo.

"Muda wa kuona wagonjwa umekwisha," anasema kwa upole.

Kasiani anajaribu kushoto, muuguzi yuko kushoto. Anajaribu kulia, muuguzi yuko kulia. Anamweleza kwamba mgonjwa ni dada yake, kwamba aliahidi saa saba, kwamba kuna ukuta mmoja tu kati ya hapo na jukwaa lake. Muuguzi anasema analijua hilo, na wote walilijua. Kisha, kwa bahati mbaya, kiwiko chake kinamgusa Kasiani kifuani. Filimbi inalia.

"Faulo," Mkasi anasema. "Mitupo huru mitatu. Mmoja kwa kila simu uliyoikosa."

Wanachukua chupa na kumpa simu. Kikapu cha ukili kimeshuka mpaka mwisho wa korido. Kasiani anasimama kwenye mstari. Yeye hajawahi kucheza mchezo huu. Miaka yote hiyo, hajawahi hata siku moja kusimama ndani ya mistari.

Anatupa. Simu inaitaita hewani, inagonga mkono wa kikapu, inarudi. Anatupa tena. Inaitaita, inapita pembeni kabisa, na wagonjwa wanageuzia nyuso zao ukutani kwa kumstahi. Kwenye benchi wamebaki akina mama wanne.

Mara ya tatu hatupi. Anatembea mpaka kwenye kikapu, anasubiri filimbi, filimbi hailii, anaiweka simu ndani taratibu, juu ya vitunguu.

Simu inapokelewa.

Na yuko wodini. Leokadia amekaa kitandani, kitanda cha mwisho kabisa, mgongo kwenye mto, uso ameuelekeza dirishani. Dirisha limeachwa wazi kidogo, na ili lisijifunge limebanwa na ndala moja iliyokunjwa, ya bluu, ya mguu wa kushoto. Kasiani hajawahi kuingia wodi hii. Alimwona dada yake siku alipopelekwa, pale mapokezi, na baada ya hapo akamwona kanisani, ndani ya jeneza.

"Punguza kelele za miguu," Leokadia anasema. "Nasikiliza mechi."

Kasiani anakaa kwenye ukingo wa kitanda. Anataka kumwomba msamaha, lakini maneno aliyoyaandaa kwa wiki tisa yote yamebaki mikononi mwa Mkasi, anayeyashikilia pale mlangoni kwa heshima, kama mtu anayemshikia mwenzake kofia.

"Dada, ulinipigia."

"Nilipiga."

"Ulikuwa unataka nini?"

Leokadia anamgeukia. Ana uso wake wa siku zote, wa mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Ngoma ilinyamaza," anasema. "Tangu saa nane naisikia hapa dirishani. Dum, dum, naisikia, najua mdogo wangu yupo. Robo ya nne ikanyamaza. Watu wanapiga kelele, ngoma hakuna. Nikajua umeanguka. Wewe una presha, dawa humezi mpaka usimamiwe."

Kasiani anakumbuka. Robo ya nne, kamba ya ngoma ilikatika. Alivua kiatu, akatoa kamba yake, akainama chini ya kiti kuifunga ngozi upya. Ilimchukua dakika kama sita, na alikasirika sana kwa dakika hizo sita, kwa sababu Radi walikuwa nyuma.

"Kamba ilikatika," anasema. "Nilikuwa naifunga."

"Mimi ningejuaje? Nikapiga. Hupokei. Nikapiga tena. Nikampigia Mungu kelele kidogo. Nikapiga ya tatu. Halafu nikaisikia tena, dum, dum, nikaweka simu chini."

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa. Lakini hilo lilikuwa na watu wengi wa kulishughulikia. Lako lilikuwa na mimi tu."

Kasiani anaitazama ile ndala. Mama mmoja wa jumuiya anapita kati ya vitanda, anamgusa bega, anasema pole, anatoka.

"Na uji?" anauliza. "Editruda anasema hukuwa na hamu ya kula."

Leokadia anautazama mlango.

"Nilikuwa na hamu nao," anasema. "Niliusubiri. Sitakudanganya, Kasiani, sijawahi kukudanganya. Kila mlango ukifunguka nilitazama."

Hamfariji, wala hamkaripii. Anampa habari kama ilivyo, kama alivyokuwa akimpa tangu utotoni sehemu yake ya chakula, isiyozidi wala kupungua.

"Mwisho sikuusikia," anaendelea. "Mlishinda?"

"Kwa pointi moja."

"Nani alifunga?"

"Dumba. Yule mfupi."

"Yule ambaye huwa hafungi?"

"Huyohuyo."

Leokadia anacheka mpaka kitanda kinatikisika, na Kasiani, ambaye tangu siku ya ubingwa hajawahi kumweleza mtu kile kikapu cha mwisho, anamweleza. Anamwonyesha kwa mikono jinsi mpira ulivyozunguka juu ya ringi, jinsi watu walivyoacha kupumua, jinsi Dumba mwenyewe alivyoziba macho. Leokadia anamsikiliza mpaka mwisho. Ndicho kikapu pekee cha Radi alichowahi kuomba kusimuliwa.

Mama wa mwisho anainuka mlangoni na kukaza kitenge chake. Kasiani anamwomba Mkasi dakika tano za nyongeza.

"Nyongeza hutolewa kwa waliotoka sare," Mkasi anasema.

"Sisi hatukutoka sare?"

Mkasi anamtazama Leokadia, kisha anamtazama yeye.

"Wewe uko hai," anasema, na anapuliza filimbi.

Kasiani akaamka. Springi ya kochi ilikuwa imemchoma ubavuni, na kwa mbali, upande wa uwanjani, watu walikuwa wakishangilia msimu mpya. Editruda alikuwa mezani akipiga pasi sare yake ya kazi. Tangu mama yake afariki alikuwa akija kila Jumapili kumpikia mjomba wake, na kwa kawaida waliongea mambo ya bei ya mkaa.

Kasiani alikaa kwanza. Akamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, dirisha la wodini lilikuwa linafunguka vizuri?

Editruda alisema halikuwa linafunguka vizuri hata kidogo. Lilikuwa linajifunga lenyewe, na mama alikuwa hataki kabisa lifungwe, sijui alikuwa anataka hewa.

"Mkalifanyaje?"

"Tulibana na ndala yake. Ile ya bluu." Akageuza sare upande wa pili. "Ya kushoto. Tulipokuja kuchukua vitu vyake tuliisahau, nimebaki na ya kulia."

Halafu pasi ikasimama. Akamtazama mjomba wake, akamwambia taratibu kwamba yeye hakuwahi kufika kule wodini, sasa habari za dirisha kazitoa wapi.

Kasiani alimuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati mama yake anapiga zile simu.

Editruda aliizima pasi. Alisema alikuwa ameshuka famasi, alitumwa dawa, kulikuwa na foleni. Aliporudi alimkuta mama amelala na simu imewekwa kwenye shuka. Hajawahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu kila siku anajua mama alikuwa anaita msaada, akaita mara tatu, na hakuna aliyeitika, si yeye aliyekuwa famasi wala mjomba aliyekuwa kwenye mpira.

"Hakuwa anaita msaada," Kasiani alisema. "Njoo ukae, mwanangu."

Editruda akaja akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, na Kasiani akaanza kumsimulia tangu kamba ilipokatika. Alimweleza ya kiatu, ya dakika sita, ya dum dum kurudi na simu kuwekwa chini. Editruda alilia bila sauti, mikono mapajani, na hakumkatiza.

Kasiani alipofika kwenye uji alisita.

"Nilikwambia hakuwa na hamu," Editruda alisema haraka.

"Najua ulichoniambia," alisema Kasiani, akamshika mkono, akamsimulia na ya uji.