Profesa na Sheria ya Kutaja Shimo

Walimwita Profesa, na jina hilo alilipata kwa uso wake. Aliupiga mpira mweupe kwa nguvu zote, mipira ikatawanyika mezani kama kuku waliomwona mwewe, na wowote ukitumbukia shimoni, alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyelijua jibu tangu jana. "Hesabu hizo!" watazamaji walinong'ona. Miaka mingi ya kulipwa na klabu kwa kucheza pool ilimfanya hata yeye mwenyewe aamini kwamba alikuwa akipiga hesabu. Meza nayo ilimbeba: ilikuwa imelalia upande wa dirishani, na mpira uliokosa pa kwenda ulijiendea wenyewe kwenye shimo la kona hiyo.

Kisha chama cha mchezo kikaamka. Kikaleta meza mpya iliyopimwa kwa pimamaji, fimbo mpya nyepesi zinazoteleza mkononi, na sheria moja iliyomnyima Profesa usingizi: kabla ya kupiga, mchezaji ataje mpira anaoulenga na shimo lake. Ukiingia mwingine, hauhesabiwi. Juu ya hayo, klabu ikatangaza kwamba itabaki na mchezaji mmoja tu wa kulipwa, atakayeshinda pambano la watu wawili. Atakayeshindwa atafanywa mshauri, yaani atapewa kiti na hakuna atakayemuuliza neno.

Mpinzani wake alikuwa mume wa binti yake, kijana aliyejifunzia mchezo kwenye simu.

"Shikamoo, baba," alisema akipaka fimbo yake chaki.

"Marahaba, mwanangu. Usinionee huruma."

"Wala sina mpango huo, baba."

Profesa akakohoa. "Namba tatu, kona ya kulia." Akapiga kama kawaida yake. Namba tatu ikabaki imezubaa palepale. Namba tano ikagonga kingo za pande zote, ikapenya katikati ya wenzake bila kuwagusa, ikatumbukia shimo la kati. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

"Haihesabiwi," alisema mwamuzi.

Wakamzomea. Mmoja alidai kwamba sheria hiyo imetungwa na watu wasiopenda wenzao wafurahi. Profesa naye akaguna pamoja nao, ila moyoni alikuwa na hofu tupu.

Mchezo ukasuasua hivyo hivyo hadi ikabaki nane nyeusi peke yake, ile ambayo anayeiingiza ndiye mshindi. Mkwe akaitaja vizuri, lakini fimbo ikamteleza kidogo, na nane ikasimama mdomoni mwa shimo. Mpira mweupe ulikuwa umenyooka nayo. Hata mfagiaji wa ukumbi angeiingiza.

Mkono ukamwasha Profesa. Alitamani apige kwa nguvu, mpira uzunguke meza nzima, watu washike vichwa. Akakifikiria kile kiti cha mshauri.

"Nane, shimo hili hapa," akasema kwa sauti iliyokwaruza, akausukuma mpira mweupe taratibu. Nane ikaingia.

Hakuna aliyepiga makofi. "Hiyo hata mimi ningeipiga," mtu alisema, na watu wakaanza kutoka wakilalamika kwamba mchezo umeharibiwa. Profesa hakuwajali. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata ukumbini humo, macho yamemlowa. Mkwe wake akampa mkono kwa heshima.

"Hongera, baba. Hii umeikusudia."

"Hii ndiyo!" alijibu Profesa kwa fahari, na mkwe alipoanza kucheka ndipo alipogundua alichokiri.